Kijiko Dhidi ya Upepo

Nyumbani kwa Marie-Louise vijiko vya chai vilikuwa vimekwisha. Chai walikoroga kwa kisu, na mgeni akija alikorogewa huko huko jikoni ili asione aibu hiyo. Vijiko vyote mumewe, Josias, alivikata mipini, akavitoboa huku na huku, upande mmoja akatia ndoana ya meno matatu, upande wa pili pete ya kufungia uzi. Sasa vilikaa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, vikigongana kila alipoubeba. Samaki wa bwawa walikovua, nje kidogo ya Durban, hawakutaka minyoo. Walitaka kitu kinachong'aa na kukimbia, wadhani ni dagaa anayetoroka. Josias alipenda kusema kwamba samaki wa Afrika Kusini ni kama watu wa mjini, hawanunui kisichometameta.

"Unifungie kile kizito, Mama Grâce," alisema asubuhi hiyo, akimwita kwa jina la mtoto wao, amechuchumaa ukingoni na pampu ya baiskeli mkononi. "Leo iko upepo mingi. Kile chepesi upepo itakibeba tu."

Marie-Louise akafunga kijiko kizito. Vidole vilimtetemeka hata akarudia fundo. Hakuwa mgonjwa wala hakusikia baridi. Tangu Januari alikuwa amegeuka mtu wa kutetemeka tu.

Januari ndipo mambo yalipoharibika. Josias alikuwa fundi wa simu katika duka la Blaise, chini ya maghorofa ya mtaa wa Albert Park, na mkono wake ulikuwa unajulikana. Jumamosi moja wakaja vijana na fimbo, wakauliza ni nani aliyewapa wageni ruhusa ya kula katika nchi ya wenyewe. Blaise akashusha mlango wa bati, na mpaka leo hajaupandisha. Mwezi huo huo karatasi ya ukimbizi ya Josias ikafikia mwisho wake. Siku hizi kuongeza muda huombwa kwa imeili. Josias aliandika, akarudia, akaandika tena, na kila mara jibu lililokuja lilikuwa la mashine, likimshukuru kwa uvumilivu wake. Karatasi ya Marie-Louise, aliyefika nchini nyuma yake na kuandikishwa peke yake, ilikuwa bado hai. Kwa hiyo watu wawili waliolala chini ya blanketi moja, kwa sheria mmoja alikuwemo nchini na mwingine hakuwemo.

Ndiyo maana wakawa wavuvi. Wakongomani wa Albert Park walikuwa wamechoshwa na samaki wa barafu, bei inapanda kila mwezi na ladha ni ya boksi. Samaki mbichi walimalizika kabla Marie-Louise hajafika kwenye lifti. Wiki hiyo Ghislaine, mwenye saluni, alikuwa na ubatizo wa mwanawe, na alikuwa ameagiza kila watakachopata.

Lakini upepo ulikuwa na masharti yake. Ukivuma, unasukuma vidagaa pamoja na maji, na samaki wakubwa hufuata chakula. Asubuhi hiyo ulitoka kaskazini mashariki, mgongoni mwao, kwa hiyo samaki wote walikuwa wamehamia ng'ambo. Na ng'ambo kulikuwa na senyenge, klabu ya boti, nyasi zilizokatwa vizuri, na ubao mkubwa wa kukataza. Upande wa watu wa kawaida maji yalilala tu.

Josias hakukanyaga ardhi ya klabu hata siku moja. Alikuwa na tyubu ya trekta, aliyoishonea kiti cha gunia katikati. Aliketi humo miguu ikiwa majini, vipande vya plaiwudi vimefungwa kwenye raba zake kuukuu, akapiga teke kama bata mpaka karibu na ng'ambo, akarusha kijiko kuelekea ukingo wenye samaki. Alivua samaki wa matajiri bila kugusa nyasi za matajiri.

"Kitenge iko?" aliuliza, amekwisha kuingia majini mpaka mapajani.

"Iko."

"Kama wanakuja?"

"Najua, Papa Grâce. Enda."

Hilo walikuja nalo kutoka Baraka, Kongo, kwenye ziwa Tanganyika, walikozaliwa wote wawili. Kule askari walipofika mwaloni, mitumbwi inakoegeshwa, kutafuta wanaume, wake zao walitundika kitenge chekundu kwenye mti, na mitumbwi ikakaa mbali mpaka kitenge kishuke. Mama yake Marie-Louise aliwahi kukiacha kitenge juu tangu asubuhi hadi jioni. Hakuna aliyefikiri kwamba ufundi huo ungehitajika Durban, kwenye nchi yenye mahakama na taa za barabarani.

Kofia ya njano ya Josias ikaenda ikipungua, ikawa tone. Marie-Louise akachukua fimbo ya kuvulia ya akiba na kurusha kidogo kando ya mawe, jinsi alivyofundishwa. Usirushe juu, rusha chini chini kutokea ubavuni. Kisha ncha ya fimbo uilaze karibu na maji, upepo usije ukabeba uzi. Hakupata kitu, na hakutegemea kupata. Kurusha kulimsaidia asifikirie.

Gari la polisi liliingia bila king'ora. Alilisikia kwanza kwenye changarawe, akageuka. Mbele, kando ya polisi dereva, alikaa Mkhize, mlinzi wa geti, yule ambaye kila jioni alijichagulia samaki mmoja mnono kabla ya kuinua kizuizi. Nyuma walikuwa polisi wa pili na mtu mmoja kijana, mwenye raba nyeupe na jaketi la idara ya uhamiaji.

Mikono ya Marie-Louise ilifanya kazi kabla ya akili. Alipokumbuka kuvuta pumzi, kitenge chekundu kilikuwa tayari kimefungwa kwenye mkaratusi mkavu na upepo umekikunjua chote. Kule mbali, kofia ya njano ikasimama. Kisha ikaanza kurudi nyuma, kuelekea katikati. Josias alikuwa ameona.

"Sanibonani, Mama," alisalimia Mkhize kwa Kizulu, macho yake yakiwa kwenye mawe. Alionekana kama mtu aliyekuja shingo upande.

Kijana wa uhamiaji alizungumza Kiingereza laini, na huo ulaini ndio ulimtia Marie-Louise jasho jembamba. Aliomba karatasi, akaisoma mbele na nyuma, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Yako iko sawa, Mama. Asante. Na yule kwenye maji?"

"Simjui."

"Watu wa klabu wametupigia simu. Wanasema yuko hapo kila wiki, na kwamba mwanamke humngoja upande huu." Akatazama juu. "Kile kitambaa ni cha nini?"

"Nakausha."

"Ni kikavu."

"Sasa ni kikavu," alisema Marie-Louise.

Polisi mmoja akacheka. Kijana hakucheka, ila akatikisa kichwa kama aliyesikia jambo la maana, akaketi kwenye kizingiti cha gari na kufungua chupa ya maji. "Hatuna haraka," alisema.

Marie-Louise akakaa juu ya jiwe, fimbo imelala magotini. Alimjua mumewe. Josias angeweza kuelea kwenye tyubu hiyo siku nzima. Polisi nao ni watu, watasikia njaa, simu zitaita, wataondoka. Alichoogopa ni upepo tu, na kama vile Mungu alikuwa anasikiliza, upepo ukapungua. Ukapungua tena. Kitenge kikalegea, kikalala kwenye mti. Maji yakatulia kote, mpaka mtu angeweza kuhesabu milingoti ya klabu iliyopinduka ndani yake, na joto likashuka kutoka angani na kukaa mabegani.

Akashusha pumzi. Kule Baraka upepo ukilala hivyo, umelala. Mwanamke anaweza kuchota maji, mtoto anaweza kuoga, na mtumbwi hata uliochoka unaweza kukaa ziwani mpaka usiku. Nusura amshukuru Mungu kwa sauti. Alikaza macho hadi akaona kofia ya njano imeinama, na mkono ukirusha uzi. Josias alikuwa anavua. Yeye pia alikuwa mtoto wa Baraka, na yeye pia aliyaamini maji yaliyotulia.

Mkhize ndiye aliyesimama. Alitazama vilima vya kusini magharibi, ambako anga lilikuwa limepata rangi ya sufuria kuukuu.

"Mama," alisema polepole. "Mwite atoke."

"Nimesema simjui."

"Hapa kwetu upepo haumaliziki hivi. Huu unapisha mwingine. Mwite."

Marie-Louise alidhani ni ujanja. Ungekuwa wewe, ungedhani nini? Mtu anayekula samaki wako kila jioni, aliyeleta gari la polisi hadi miguuni pako, leo anakuonea huruma? Akatazama mbele.

Kwanza bendera za klabu ziligeuka, zote kwa pamoja. Kisha miti ya ng'ambo ikainama, na juu ya maji ukaja mstari mweusi, ukikimbia kuelekea upande wao. Ulipofika, ulimpiga usoni kwa ubaridi, ukamwaga mkebe wa vijiko, ukakigeuza kitenge upande wa pili na kukikaza hadi mti ukalia. Bwawa lote likawa jeupe kwa povu.

Upepo huu ulikuja kinyume. Ulivuma kutoka klabu kuelekea upande wa watu. Yaani kama Josias angekaa tu, asipige hata teke moja, ungemleta wenyewe mpaka ukingoni, mikononi mwa mkewe. Na mikononi mwa wale wengine.

Josias hakukaa. Marie-Louise aliona kofia ikiinuka juu ya wimbi, ikazama nyuma yake, ikaonekana tena, na kila ilipoonekana ilikuwa imeelekea kule kule, kwenye upepo. Alikuwa anapigana asiletwe. Mtu aliyekaa ndani ya tyubu, na vipande vya mbao miguuni, alikuwa anashindana na bwawa zima kwa sababu kitenge kilikuwa bado juu. Mkewe alikuwa amemwambia asije.

"Iko boti!" Marie-Louise alimgeukia Mkhize, Kiingereza, Kizulu na Kiswahili vikimtoka kwa pamoja. "Pale getini iko boti! Baba, ngiyacela, mutume boti!"

Boti ilikuwepo, nyeupe, juu ya trela, na maandishi mekundu ya usalama ubavuni. Mkhize akaitazama kama aliyeiona kwa mara ya kwanza.

"Ile ni ya ukaguzi, Mama. Ya kuokoa watu iko karakana."

"Si ni boti?"

"Haina petroli. Petroli inasainiwa na msimamizi. Msimamizi leo hayupo."

Marie-Louise akamgeukia kijana wa uhamiaji. Alikuwa amesimama sasa, chupa mkononi, uso wake umepoteza ule ulaini. Kwa mara ya kwanza alionekana umri wake. Marie-Louise aliona wazi kwamba na yeye alikuwa anaogopa, na hilo likamwogopesha kuliko yote, kwa sababu lilimaanisha hakuna mkubwa pale.

"Yule ni mume wangu," alisema.

"Najua, Mama."

"Nikimwita, mutamwacha? Mutamwacha tu leo?"

Kijana akawatazama polisi wawili. "Mimi sina uwezo huo," alisema. "Lakini mwite, Mama. Tafadhali."

Wimbi likafunika kofia. Marie-Louise akahesabu kimoyomoyo bila kujua anahesabu nini. Ilipoibuka, ilikuwa peke yake, bila kichwa, inaelea mbali na tyubu. Tyubu ilikuwa imesimama ubavu. Kisha mkono ukaonekana umeikumbatia, na kichwa cheusi. Na hata hapo, hata hapo, miguu ilikuwa inapiga maji kuelekea ng'ambo.

Akakimbilia mkaratusi. Fundo lilikuwa limekazwa na upepo, vidole havikulifungua. Akaling'ata. Alikuwa analia sasa, analia na kulaani kwa sauti, akiilaani idara yenye mashine ya kushukuru watu, na klabu na nyasi zake, na mama yake aliyemfundisha. Kitenge kikatoka. Hakuona vyema kukishika tu, maana Josias angekiona mkononi mwake. Akakikunja, akakisukuma ndani ya blauzi, akafunga vifungo mpaka shingoni, kisionekane chekundu chochote ukingoni. Kisha akaingia majini mpaka kiunoni na kunyanyua mikono mitupu.

"Kuya!" alipiga kelele. "Papa Grâce, kuya!"

Alikuwa na uhakika sauti haikumfikia. Lakini kichwa kiligeuka. Kilitazama mti ulio mtupu, kikautazama kwa muda ambao Marie-Louise hatausahau, na mwishowe miguu ikaacha kupiga.

Upepo ukamleta. Haikuchukua muda mrefu, na hilo ndilo lilikuwa chungu. Safari aliyoipigania hivyo iliisha kwa kuelea tu. Polisi mmoja aliingia majini na buti zake, akamshika kwapani upande mmoja, Marie-Louise upande wa pili, wakamlaza kwenye changarawe. Alitapika maji ya bwawa. Midomo ilikuwa ya buluu. Fimbo alikuwa hana, samaki alikuwa hana, raba moja ilikuwa imekwenda.

Mkhize akavua koti lake na kumfunika. Kijana wa uhamiaji alingoja mpaka kutapika kukaisha. Kisha akapiga goti moja, raba zake nyeupe zikilowa, na kusema kwa sauti ya chini, "Bwana, naomba kuona karatasi yako."

Josias hakumtazama. Alimtazama mkewe.

"Kwa nini ulishusha?"

"Ulikuwa unakufa."

"Ningekaa."

"Ulikuwa unakufa, Papa Grâce! Nilikuona."

"Ningekaa, Mama Grâce," alisema tena, bila hasira, akimweleza jambo la kweli.

Alijua anachosema. Wanaokamatwa hupelekwa kufungiwa mbali, huko juu kaskazini, na kutoka huko huchukuliwa wengine hadi uwanja wa ndege, kurudishwa kwao. Baraka aliyoiacha ilikuwa na kaburi la kaka zake wawili, na waliowaua walikuwa bado wanapita njia hiyo hiyo wakinunua sigara. Marie-Louise akamfuta uso kwa kiganja. Alitaka kumwambia kwamba Grâce atauliza, kwamba afadhali mtoto awe na baba wa kutafutwa kuliko wa kuzikwa, lakini polisi walikuwa wamekwisha kumwinua.

Wakampandisha nyuma ya gari akiwa na koti la Mkhize. Marie-Louise alitaka kupanda pia.

"Yako iko sawa, Mama," alisema kijana. "Wewe huna kosa." Akamwambia kituo, kile kilicho karibu na Pinetown, na kwamba kesho anaweza kuleta nguo kavu. Mlango ukafungwa. Gari likaondoka taratibu, likionyesha taa ya kugeukia kwenye barabara isiyokuwa na gari jingine.

Marie-Louise alibaki amesimama. Maji yalimtiririka kutoka kwenye sketi. Nauli ya kurudi mjini ilikuwa kwenye mfuko wa suruali ya Josias, na suruali ilikuwa imekwenda naye. Upepo uliendelea kumpiga kifuani, na mawimbi yalivunjika miguuni pake yakiwa ya rangi ya udongo. Ndani ya udongo ule kitu kikarukaruka. Vidagaa. Vingi, vimesukumwa mpaka kwenye mawe, na nyuma yao maji yakapasuka, mgongo wa kijani ukaonekana na kupotea.

Samaki walikuwa wamehamia upande wa watu.

Akaokota fimbo ya akiba. Kijiko kilichofungwa kilikuwa chepesi, akakikata kwa meno, akapapasa changarawe ulikomwagika mkebe mpaka akapata kizito kingine. Alikijua kijiko hicho. Kilitoka kwenye seti waliyopewa kanisani siku ya harusi.

"Mama," alisema Mkhize nyuma yake. Alikuwa amebaki na shati tu na alikuwa anatetemeka. "Leo tumefunga. Amri ni kwamba hakuna kuvua mpaka waniambie."

Marie-Louise akarusha. Chini chini, kutokea ubavuni, kuupasua upepo. Uzi ulikwenda mfupi. Akalaza ncha ya fimbo karibu na maji na kuvuta, mikono ikimtetemeka hivi kwamba kijiko nacho lazima kilitetemeka, huko chini gizani, kama dagaa mwenye hofu ya kweli. Hakuvuta sana. Fimbo ikapigwa, ikapinda, na Marie-Louise akarudi nyuma hatua kwa hatua, akivuta, mpaka samaki mrefu kama mkono wa mtu akaanguka kwenye mawe na kupiga mkia.

Mkhize alimtazama samaki. Kwa mazoea tu, mkono wake ulikuwa umekwisha kutoa mfuko wa plastiki.

Marie-Louise akafungua vifungo vya blauzi, akatoa kitenge chekundu, akamviringisha samaki mzima mzima na kumfunga mgongoni, kama alivyombeba Grâce alipokuwa mchanga. Akachukua fimbo na mkebe. Akapita mbele ya Mkhize, akapita boti nyeupe juu ya trela, akafika getini na kuinama chini ya kizuizi, maana hakuwepo wa kukiinua.

"Mama! Samaki wa geti!"

Hakugeuka. Aliogopa, tena sana, aliogopa kila gari lililopunguza mwendo kando yake. Samaki aliendelea kumpiga mgongoni kwa mkia, kwa nguvu, na yeye akaelekea barabara ya Pinetown kutafuta mnunuzi, apate nauli ya kumfikia Josias kituoni kabla hajapelekwa kaskazini.